Tuta Halipambwi: Ushauri kwa Wenye Malambo ya Starehe

Kila masika yanapokaribia, wasomaji wenye malambo binafsi huuliza maswali matatu yaleyale. Tuta linavuja kidogo kwa chini, je, nilizibe? Maji hayatoshi kwa boti na samaki, je, niinue kizingiti cha utoro, yaani njia ya maji ya ziada? Na wageni wanalalamika kwamba tuta ni kipara, je, nipande miti? Wanaouliza ni wenye hoteli za mashambani, vilabu vya kuvua samaki, familia zilizochimba lambo kwa ajili ya wikendi, na siku hizi hata wenye kumbi za harusi wanaotaka maji yaonekane nyuma ya bwana na bibi harusi. Jibu la maswali yote matatu ni hapana, na makala haya yanaeleza kwa nini, kisha yanaeleza la kufanya badala yake.

Lambo la starehe linahitaji uangalizi mkali kuliko lambo la umwagiliaji la ukubwa uleule. Mkulima huyatumia maji yake. Kiangazi kikiisha lambo lake limeshuka, ameshauona mteremko wa ndani wa tuta ukiwa mkavu, ameona nyufa na mashimo, na mvua za kwanza zinakuta nafasi ya kujaza. Mwenye lambo la starehe anataka maji yafike ukingoni mwaka mzima, maana ndiyo anayoyauza. Kwa hiyo mteremko wa ndani hauonekani kamwe, mvua zikija hazikuti nafasi, na fedha za matengenezo zinakwenda kwenye vitu vinavyopigwa picha. Karibu kila kitu kinachoongezwa ili lambo lipendeze, iwe wavu wa samaki, mti wa kivuli, daraja la mbao au sentimita chache za maji zaidi, kinapunguza uwezo wa tuta kujiokoa.

Tuta hufa vipi

Uchunguzi wa mabwawa makubwa ya udongo yaliyobomoka duniani hadi 1986 ulionyesha sababu mbili zilizopita nyingine zote, na zinakaribia kulingana. Karibu nusu yalipitiwa na maji juu ya kilele. Karibu nusu nyingine yalitobolewa kwa ndani, maji yakipenya na kubeba udongo punje kwa punje mpaka njia ikawa bomba. Malambo madogo hayana siri tofauti; yana wahandisi wachache tu. Kila ushauri utakaousoma hapa chini unahusu moja ya njia hizo mbili, na ukiona fundi anakupendekezea kazi isiyogusa hata moja, muulize anatengeneza nini.

Mfano mkubwa wa namna starehe inavyoua tuta uko Pennsylvania, Marekani. Bwawa la South Fork lilinunuliwa na klabu ya matajiri ya kuvua na kuwinda, ambayo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama wake. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameshang'olewa na mmiliki wa awali na kuuzwa kama chuma chakavu, na klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye utoro ziliwekwa nyavu za chuma ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, nyavu zilishika takataka, maji yakapanda, na wafanyakazi waliokuwa wakihangaika kuinua tuta kwa majembe na kuchimba njia ya pili ya maji hawakuwahi. Tuta lilivunjika kama saa tisa alasiri, na mji wa Johnstown ulio chini yake ukapoteza watu zaidi ya 2,200. Lile lilikuwa bwawa kubwa, la zaidi ya mita 20 kwenda juu, lakini makosa yenyewe ni yaleyale ambayo wasomaji wanaomba ruhusa ya kuyafanya leo: kupunguza kimo, kuziba utoro, kukaa bila bomba la kutolea maji.

Utoro kwanza, mengine baadaye

Utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni ambayo maji ya ziada hupita bila kugusa tuta, ndiyo sehemu muhimu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Sababu ni rahisi: unaweza kukaa mkavu misimu miwili au mitatu. Mwenye lambo akiupita kila siku akaona nyasi tu, anaanza kuuona kama kiwanja. Anaegesha magari hapo, kisha anajenga banda la nyama choma, kisha anaweka ukuta mdogo wa kuzuia vumbi. Hakuna anayekumbuka kile kipande cha ardhi kiliachwa wazi kwa kazi gani.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa maneno matupu hayamshawishi mtu. Chukua lambo lenye uso wa eka 1, yaani mita za mraba 4,047, na kina cha mita 4 karibu na tuta. Kwa makadirio ya kawaida, zidisha eneo kwa kina kikubwa, kisha kwa 0.4, unapata mita za ujazo zipatazo 6,500. Hizo ni tani 6,500 za maji, karibu malori 650 ya tani kumi yaliyoegeshwa juu ya jirani yako. Sasa chukua bonde la kilomita 1 ya mraba linaloteremsha maji kwenye lambo hilo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha ndani ya saa moja, na nusu yake ikazama ardhini, zinabaki mita za ujazo 25,000, karibu mara nne ya lambo zima. Wastani wake ni kama mita za ujazo 7 kwa sekunde.

Utoro wenye upana wa mita 5, ambao kizingiti chake kiko nusu mita chini ya kilele cha tuta, hupitisha mita za ujazo 3 kwa sekunde maji yanapofika karibu na kilele. Tayari hautoshi kwa mvua hiyo. Na msitegemee kwamba lambo litayahifadhi yaliyobaki: nusu mita juu ya uso wa eka 1 ni mita za ujazo 2,000 tu, na kwa mwendo huo hujaa kwa chini ya dakika kumi. Baada ya hapo maji yanapita juu ya tuta, na udongo usiofunikwa kwa zege hauvumilii kupitiwa.

Halafu mwenye lambo anapanga mawe kwenye kizingiti, sentimita 25 tu, ili apate maji zaidi ya boti. Wengi hudhani kwamba kina kikipungua nusu, uwezo wa utoro nao unapungua nusu. Sivyo. Maji yanayopita juu ya kizingiti hutegemea kina na kasi kwa pamoja, na kasi nayo hushuka kina kinaposhuka, kwa hiyo utoro uleule sasa unapitisha mita za ujazo 1 kwa sekunde. Umepoteza karibu theluthi mbili za uwezo kwa mstari mmoja wa mawe. Sijui pambo jingine la shambani lenye bei kubwa kiasi hicho.

Kabla ya mvua, fanya haya kwenye utoro:

- Ng'oa kila kilichoongezwa: mawe, magunia ya mchanga, mbao, wavu, nguzo za daraja. Daraja likihitajika, liruke utoro mzima bila nguzo katikati, na chini yake gogo lipite bila kukwama.
- Fyeka vichaka na magugu, lakini acha nyasi fupi. Nyasi za ukoka hushika udongo. Kichaka kinashika takataka.
- Fuata njia ya maji mpaka mwisho. Utoro unaomwaga maji kwenye mguu wa tuta unalichimba tuta kutoka chini. Maji yaelekezwe mbali, mpaka kwenye mkondo wa asili.
- Angalia kama utoro umechongwa kwenye ardhi ya asili. Ukikuta umepita juu ya udongo uliojazwa, hapo unahitaji mhandisi wala si fundi.
- Pima kilele cha tuta kwa mpira wa maji ule ule wa mafundi wa ujenzi, kila baada ya mita 5. Matuta huzama katikati. Maji hayaangalii wastani wa kilele, yanatafuta pale palipo chini kuliko pengine pote.

Hilo la mwisho linastahili kukaziwa. Tuta la mita 60 lililozama sentimita 30 mahali pamoja limepoteza sentimita 30 za usalama kote. Njia ya gari na ya ng'ombe inayokata kilele hufanya kazi hiyohiyo polepole. Sehemu iliyozama ijazwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kiasi, kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Kumwaga lori la kifusi na kulisawazisha kwa jembe ni kujidanganya.

"Lakini samaki watatoroka"

Ndiyo, wengine watatoroka. Pingamizi hili ni la haki kwa mtu aliyenunua vifaranga vya sato kwa fedha nyingi, na ndilo lililoiweka klabu ya South Fork kwenye historia. Wavu wenye matundu madogo kwenye mdomo wa utoro hukusanya majani, chupa za plastiki na magugu maji katika nusu saa ya kwanza ya mafuriko, wakati ambao hakuna mtu wa kwenda kuusafisha gizani, na mtu wa kwenda asitumwe. Kalavati iliyoziba hufanya kazi ya bwawa ambalo halikukusudiwa: Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, kisha yakapasua na kuua makumi ya watu usiku.

Kama ni lazima kuwe na kizuizi, kisiwe mlangoni. Weka uzio wa nondo zilizosimama wima, zenye nafasi pana, ndani ya lambo, kwa umbo la nusu duara lenye urefu mara kadhaa ya upana wa utoro, na uutengeneze ili ulale wenyewe ukisukumwa na maji mengi. Samaki wadogo watapita. Njia nafuu zaidi ni kuweka vifaranga baada ya masika badala ya kabla, na kuwavua wakubwa mapema. Hasara ya samaki hurudishwa kwa msimu mmoja.

Tuta linavuja: usilizibe

Hapa ndipo wasomaji wengi hufanya kosa kwa nia njema. Wanaona maji yanatoka mguuni mwa tuta, upande wa nje, wanaita fundi, fundi anapiga zege au anashindilia mfinyanzi juu ya tundu. Kwa wiki mbili panakauka na kila mtu anafurahi. Maji hayajaacha kuingia upande wa ndani. Yamenyimwa tu mahali pa kutokea. Shinikizo linapanda ndani ya tuta, udongo unaloa juu zaidi, na maji hutafuta mlango mpya usioujua, au mteremko mzima unateleza.

Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na kuvuja kwenyewe si ugonjwa. Swali la kujiuliza ni moja: maji yanabeba udongo au hayabebi? Yajaze kwenye chupa ya glasi au ya plastiki safi, uiache itulie kwa saa moja, uangalie chini. Yakibaki safi na hakuna tope lililotua, una muda. Kukiwa na tope, au ukaona kijichemchemi kinachotoa mchanga unaojijenga kuwa kilima kidogo kama cha siafu, tuta lako linaliwa kwa ndani na muda wako unahesabika kwa saa.

Mvujo safi unapimwa. Chimba kijimfereji, weka bomba fupi, kinga ndoo ya lita 20, andika sekunde za kuijaza pamoja na kimo cha maji lamboni siku hiyo. Fanya hivyo kila wiki na uandike kwenye daftari moja lisilohama. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa sekunde 90 ikianza kujaa kwa sekunde 50 na lambo liko kimo kilekile, kuna kitu kimebadilika ndani, hata kama maji bado ni meupe. Daftari la namna hiyo ni zawadi kubwa kwa mhandisi atakayeitwa. Bila hilo anaanza kukisia.

Mvujo wenye tope unatibiwa kwa kichujio, na mpangilio wake ni muhimu: mchanga safi wa mto kwanza, moja kwa moja juu ya mahali panapotoka maji, juu yake changarawe, juu yake mawe. Maji yaendelee kutoka, udongo ubaki. Wakati huohuo lambo lishushwe na watu wa chini waarifiwe. Upande wa ndani ukiona maji yanazunguka na kunyonywa kama kwenye beseni la kunawia lililozibuliwa, hapo unaweza kutupa mfinyanzi na majani makavu kwenye tundu la kuingilia. Ndani unaziba, nje unachuja. Wanaogeuza kanuni hii ndio wanaopoteza matuta.

Mahali panapotobolewa mara nyingi ni pembeni mwa bomba lililopita ndani ya tuta. Udongo unaozunguka bomba ni mgumu kushindilia, na maji huambaa kwenye ukuta wake wa nje. Basi usikubali kamwe kuchimba tuta lililokwisha jengwa ili kupitisha bomba la pampu, waya wa taa au maji ya bwawa la kuogelea. Ukihitaji kutoa maji, tumia saifoni: bomba linalopita juu ya kilele, likajazwa maji, kisha likavuta lenyewe. Kwa nyanda za juu kama za Nakuru au Iringa, usilitegemee kuvuta kutoka zaidi ya mita 5 hivi chini ya kilele. Hiyo inatosha kwa malambo mengi.

Miti, vichuguu na kwato

Mti juu ya tuta unaua mara mbili. Ukiwa hai, mizizi yake inafuata unyevu ndani ya udongo, na dhoruba ikiung'oa unaondoka na bonge la tuta. Ukifa au ukikatwa, mizizi inaoza na kuacha mabomba matupu yanayoelekea majini. Kwa hiyo miche iondolewe ikiwa ingali ya kung'olewa kwa mkono. Mti wenye shina la zaidi ya sentimita 10 usiukate na kuondoka; kung'oa kisiki na mizizi mikubwa, kisha kujaza na kushindilia, ni kazi ya kiangazi, maji yakiwa yameshushwa, na mwenye ujuzi akisimamia. Kivuli cha wageni kipandwe mbali, angalau mita 10 kutoka mguu wa tuta. Mikaratusi isogezwe mbali zaidi ya hapo.

Mchwa ni tatizo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa nadra, na huku kwetu ni la kila siku. Kichuguu kwenye tuta kina vyumba na njia zinazoweza kufika mbali kuliko kinavyoonekana juu. Kukibomoa kwa juu hakusaidii. Kifukuliwe mpaka mwisho wa vyumba na shimo lijazwe kwa tabaka zilizoshindiliwa. Mashimo ya fuko, panya na kaa yafanyiwe vivyo hivyo yakiwa madogo.

Ng'ombe wasinyweshwe kwenye tuta. Njia moja ya kwato kwenye mteremko huwa mfereji baada ya misimu miwili. Jenga hori upande mwingine, na uzio wa seng'enge uwazuie ng'ombe na pikipiki.

Tuta likibaki na nyasi fupi tu, litaonekana baya kwenye picha za harusi. Ndivyo linavyopaswa kuonekana. Nyasi fupi humwezesha mlinzi kuona ufa, kiraka kilicholoa, au mahali ambapo kijani kimezidi kwingineko wakati wa kiangazi, ambayo mara nyingi ni dalili ya kwanza ya mvujo.

Shusha maji mapema, lakini polepole

Ushauri unaopingwa kuliko wote ni huu: mwezi Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli, shusha lambo angalau mita moja. Wenye hoteli husema ukingo wa tope unafukuza wageni. Ni kweli kwa wiki chache. Ila wiki hizo ndizo pekee ambazo mteremko wa ndani unaweza kukaguliwa, mawe ya kuzuia mawimbi kupangwa upya, na lambo kupata nafasi ya kupokea mvua ya kwanza. Mita moja kwenye lambo la mfano wetu ni kama mita za ujazo 4,000 za nafasi, si kidogo.

Kosa la upande wa pili ni kushusha kwa pupa. Udongo ulioloa wa upande wa ndani unashikiliwa pia na uzito wa maji yenyewe. Ukiyaondoa ghafla, tuta linabaki limejaa maji bila egemeo na linaporomoka kuelekea ndani. Sentimita 30 kwa siku ni mwendo salama kwa malambo mengi. Dharura ya mvujo wenye tope ina hesabu nyingine: pale hatari ya kuporomoka kwa ndani ni ndogo kuliko ya kupasuka kwa nje, na maji yashushwe kwa kasi yote inayowezekana.

Na lambo jipya lijazwe polepole vilevile. Matuta mengi yanayotobolewa kwa ndani hutobolewa wakati wa kujazwa mara ya kwanza au miaka michache inayofuata. Ukilijaza kwa mvua moja, huna siku ya kuona kasoro.

"Langu ni dogo, na lina miaka ishirini"

Hoja mbili hizi huja pamoja. Tuanze na umri. Bwawa la Kelly Barnes, huko Georgia, Marekani, lilikuwa limesimama kwa miongo. Tangu 1957 lilikuwa la starehe tu baada ya kuacha kuzalisha umeme. Picha ya 1973 ilionyesha sehemu ya mteremko wake wa nje ikiwa imeteleza. Tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu usiku, baada ya mvua nyingi, lilipasuka juu ya chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni na kuua watu 39. Kimo chake kilikuwa mita 12 hivi. Miaka ya kusimama inathibitisha kwamba mvua ile kubwa haijaja bado. Haithibitishi kwamba tuta litaihimili. Na tuta la miaka ishirini limeota miti ya miaka ishirini.

Kuhusu udogo, ukubwa wa hatari haupimwi kwa maji peke yake, unapimwa kwa walio chini. Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipasuka wakati wa masika makali na kuvikumba vijiji vya Nyakinyua na Energy; waliokufa walizidi 40. Lilikuwa bwawa la kilimo, si la starehe, lakini bondeni palikuwa na nyumba, na ilikuwa usiku. Tembea kilomita chache kufuata mkondo unaotoka lambo lako, uhesabu nyumba, shule, vibanda na vivuko. Rudia kila mwaka, kwa sababu viwanja vinauzwa na watu wanajenga. Wengine hujibu kwamba waliojenga baadaye walijitakia. Sheria haioni hivyo, wala akili ya kawaida: mwenye kulimbikiza maji ndiye mwenye uwezo wa kuyazuia.

Kanuni hiyo ya sheria yenyewe ilizaliwa na lambo binafsi. Katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa Uingereza 1868, mwenye kiwanda alitengeneza bwawa, maji yakapenya hadi kwenye mgodi wa jirani, naye akawajibishwa ingawa hakuthibitika kuzembea yeye mwenyewe. Kanuni hiyo ilirithiwa na mahakama zetu za Afrika Mashariki. Usitegemee kwamba kumlipa mkandarasi kumekuondolea mzigo.

Kibali na mhandisi

Kenya, lambo linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Tanzania, nenda Bodi ya Maji ya Bonde lako, iwe Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji au nyingine kati ya tisa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Walionunua shamba lenye lambo tayari wasidhani kibali kilikuja na hati ya ardhi, wakiulize.

Mhandisi ni ghali, na si lazima aje kila mwezi. Mwite aliyesajiliwa, anayejua matuta ya udongo na si majengo ya ghorofa, kwa mambo matatu: kupima kama utoro unatosha kwa bonde lako, kuangalia mvujo unaobadilika, na kazi yoyote inayogusa mwili wa tuta. Kufyeka, kupima ndoo, kufukua vichuguu na kuweka daftari ni kazi ya mlinzi wako mwenyewe.

Usiku wa mvua kubwa

Mambo haya yaandaliwe kiangazi, na orodha yake ibandikwe ukutani kwa mlinzi:

1. Namba za simu za mwenyekiti wa kijiji au chifu, polisi, shule ya bondeni, na watu wawili wenye sauti katika kila kitongoji kilicho chini.
2. Kijiti chenye alama majini: kijani, njano, nyekundu. Maji yakifika njano, mlinzi anapiga simu bila kuomba ruhusa kwa bosi. Yakifika nyekundu, watu wanahama.
3. Firimbi au kengele, kwa sababu mtandao hukatika mvua ikizidi.
4. Rundo la mchanga wa mto, changarawe na mawe karibu na tuta, yaliyokwisha nunuliwa.
5. Hakuna anayepanda juu ya tuta maji yakikaribia kilele, hata akiwa na gunia la mchanga mkononi.

Wenye lambo wengi huchelewa kwenye la pili. Wanaogopa kuwaamsha watu bure na kuonekana waoga. Amsheni watu. Kijiji kilichoamshwa bure mara mbili kitanung'unika asubuhi, na mwenyekiti atawasemea.

Ukishindwa kulitunza

Lambo lisilo na mwenye kulikagua lisiachwe limejaa. Warithi walio mjini, klabu iliyovunjika, hoteli iliyofungwa: hapo njia halali ni kulivunja kwa mpango, kwa idhini ya mamlaka ya maji. Kazi hufanywa kiangazi. Lambo linashushwa kwanza kwa saifoni, sentimita 30 kwa siku, mpaka karibu likauke. Kisha tuta linakatwa mahali mkondo wa zamani ulipopita, kutoka juu hadi usawa wa sakafu ya bonde, kwa upana unaotosha mafuriko kupita bila kujikusanya tena, na kingo za mkato zikalazwa ziwe na mteremko mpole. Tope la ndani huwa jingi na litatiririka na mvua za kwanza, kwa hiyo tandaza mawe mdomoni mwa mkato na upande nyasi kwenye kingo wiki kadhaa kabla ya vuli, zipate kushika.